Nyumba Ile Ina Wenyewe

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, jua huzama mapema na baridi huanza kuuma masikio. Saa moja ya usiku marafiki wanne husimama katika foleni nje ya jengo kongwe, tiketi mkononi, na kila mmoja wao ameshatoa fedha za kutosha mlo mzuri ili atishwe. Kicheko chao kina mtetemo. Kutoka ndani husikika mngurumo wa msumeno wa petroli, nao wanne wote wanajua, kwa kuwa jambo hilo halifichwi, kwamba msumeno huo umevuliwa mnyororo wake na hauwezi kukata hata jani. Wanajua pia kwamba mizuka iliyomo ndani ni vijana wa mji ule ule waliopakwa rangi, na kwamba katika nyumba nyingi za namna hiyo mzuka haruhusiwi kumgusa mgeni. Zamu yao ikifika huzuka mzozo mdogo: nani atangulie, nani awe wa mwisho. Hakuna anayezitaka nafasi hizo mbili. Hatimaye hushikana mabega kama watoto wachezao gari-moshi, wakaingia gizani.

Mchezo huu una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Halloween yenyewe, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Lakini nyumba za vitisho zilienea Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, pale wazazi walipotafuta njia ya kuwashughulisha vijana waliokuwa wakiutumia usiku ule kuvunja madirisha na kuharibu mali za watu. Walizitia giza ghala za chini ya nyumba zao, wakatundika manyoya na maini mabichi ukutani ili mkono upapasao ushtuke. Hofu ilibuniwa kuwa kazi ya kumzuia mtoto asifanye uovu. Leo ni biashara kubwa, na wateja wake wengi wana ndevu.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu anunue kitu ambacho kila kiumbe hukikimbia? Swali hili ni kongwe. Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Masihi, aliandika kwamba ni jambo tamu kusimama nchi kavu na kutazama wengine wakihangaika katika bahari iliyochafuka. Watu wa visiwani wana haki ya kumtilia shaka. Mtu aijuaye bahari, akiona chombo kinazama, hasimami kuonja utamu, hukimbilia ngalawa. Hata hivyo mshairi yule hakuwa mwovu. Alieleza kwamba si mateso ya wengine yanayofurahisha, bali kule kutambua balaa ambayo wewe umeepushwa nayo. Naye Edmund Burke, mwaka 1757, akasema jambo la jirani na hilo: kitisho huleta ladha madhali hatari haijatusogelea mno.

Wote wawili wamemweka mtazamaji mbali. Lakini wale marafiki wanne hawakusimama ufukweni. Wameingia majini mpaka magotini, kwa hiari, huku wameshikana.

Mwanafalsafa wa Marekani Kendall Walton alilikabili fumbo hili kwa upande mwingine mwaka 1978. Alimtolea mfano mtu aliye katika sinema, ambaye anaona uji wa kijani wa kutisha ukimjia kutoka katika pazia la picha. Moyo wake unadunda, vidole vimekaza kiti, na baadaye atasema kwamba aliogopa sana. Walakini hakukimbia, wala hakuwaita polisi. Kwa hiyo, alihoji Walton, ile haikuwa hofu hasa, bali kitu kinachofanana nayo ndani ya mchezo wa kujifanya. Ni hoja nzuri, na ina kasoro ya hoja nyingi nzuri: imeuuliza akili tu. Mwili haukushirikishwa katika mapatano ya mchezo. Mwili haukusoma tiketi.

Watafiti wameuuliza mwili. Huko Denmark, watu wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwapima mapigo ya moyo wageni 110 wa nyumba moja ya vitisho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliostarehe zaidi hawakuwa wale walioogopa kidogo, wala wale walioogopa kupita kiasi, bali wa katikati, kama chumvi katika mchuzi. Utafiti mwingine, wa California, uliotoka mwaka 2022, uliwafuata watu 156 katika vyumba 17 vya vitisho, na ukaonyesha jambo ambalo si rahisi kulikisia: kadiri mtu alivyokuwa na marafiki wengi katika kundi lake, ndivyo mwili wake ulivyozidi kuhemka. Mtu angedhani rafiki hupunguza hofu. Kumbe huiambukiza. Yowe la mmoja ni kuni katika moto wa mwenziwe.

Na bado hakuna anayependa kwenda peke yake. Hapa ndipo penye jambo la maana kuliko msumeno. Gizani mtu hugundua, kwa dakika thelathini, ni nani aliyemsukuma mbele ili ajikinge, na ni nani aliyerudi nyuma kumshika mkono yule wa mwisho. Yule aliyejigamba foleni nzima huenda akawa ndiye anayemkumbatia mwenziwe kama mwana kwa mama. Wakitoka watacheka kwa hilo mwaka mzima. Pemba na Unguja wapo wanaokumbuka mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipotanda, watu wakaacha vitanda vyao na kulala nje makundi kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Hofu ile haikuwa na tiketi wala mlango wa kutokea, na haistahili kulinganishwa na mchezo. Lakini dawa iliyotafutwa ilikuwa ile ile, bega la jirani. Yumkini anachonunua mtu katika nyumba ya vitisho si hofu. Ananunua sababu ya kumshika mwenziwe, katika nchi ambayo watu wazima hawashikani ovyo.

Likiishia hapo, halina ubaya, na mwenye kulikemea ataonekana mkavu tu. Hata hivyo lipo sharti moja ambalo mgeni halioni. Ili yeye aogope kwa uongo, mwenye nyumba lazima aogope kwa kweli. Tarehe 11 Mei 1984, katika mji wa Jackson, jimbo la New Jersey, kasri la vitisho lililojengwa kwa matela ya malori yaliyounganishwa liliwaka moto, na vijana wanane wakafa ndani yake. Katika nyumba ambamo giza, moshi na mayowe ni sehemu ya mchezo, yowe la kweli halina namna ya kujitambulisha. Baada ya hapo kanuni za moto zilikazwa. Anayemtisha mwenziwe amebeba amana yake, na amana hiyo haipungui uzito kwa kuwa mwenyewe anacheka.

Ila amana ya walio hai ndiyo rahisi kuiona. Ngumu ni ile nyingine.

Mfasiri atakayejaribu kulitia jina la nyumba hizi katika Kiswahili atapata taabu kidogo. “Nyumba ya mizuka” hufaa. “Nyumba ya vitisho” hufaa zaidi, kwa kuwa inataja kazi yake. Lakini watu wa mwambao, wanapopita karibu na gofu lisilosogelewa usiku, aghalabu hawataji mzuka wala shetani. Husema tu: pale pana wenyewe. Neno hili lina adabu ndani yake. Halimwiti aliyemo kitisho. Linamwita mwenye mahali. Anayepita ndiye mgeni, na mgeni hupiga hodi.

Basi na iulizwe, wenyewe wa nyumba za Pennsylvania ni nani?

Karibu na Spring City katika jimbo hilo ipo taasisi iliyofunguliwa mwaka 1908, jina lake Pennhurst, iliyojengwa ili kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili, wengi wao wakipelekwa wakiwa watoto. Mwaka 1968 mwandishi wa televisheni Bill Baldini aliingia na kamera, na watu wa Philadelphia, wakiwa wameketi sebuleni mwao, wakaona watoto waliofungwa vitandani na wadi zilizofurika watu wasio na shughuli, wasio na wa kusema nao. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 1977 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba hali ya pale ilivunja haki za kikatiba za waliomo. Mwaka 1987 milango ilifungwa. Mwaka 2010 sehemu ya majengo yale yale ilifunguliwa tena, safari hii kama nyumba ya vitisho ya Halloween, yenye jina la hifadhi ya vichaa. Watetezi wa haki za watu wenye ulemavu walipinga. Foleni haikupungua.

Yafaa kutazama kwa makini kilichogeuzwa hapo. Katika Pennhurst ya kweli aliyekuwa akiogopa ni mgonjwa. Yeye ndiye aliyesikia hatua za miguu ukumbini usiku asijue zinakuja kwake au kwa jirani. Katika Pennhurst ya tiketi, anayetisha ni mgonjwa. Kanzu ya hospitali iliyokuwa alama ya unyonge imekuwa vazi la jini. Mgeni hatoki na fikra mbaya, huenda hatoki na fikra yoyote. Lakini mwili wake, ule ule usiosoma tiketi, umefundishwa kumruka mtu mwenye macho yasiyotulia na maneno yasiyonyooka. Kesho yake atakutana na mtu kama huyo ndani ya basi.

Wanaotetea biashara hii wana majibu. Husema ni mchezo tu, na husema wafu hawasikii. Majibu hayo mawili ni mepesi. La tatu lina uzito: pasipo fedha za Oktoba, majengo haya yangeanguka, na pamoja nayo kumbukumbu yote. Philadelphia kwenyewe lipo gereza kongwe, Eastern State, lililofunguliwa mwaka 1829 kwa imani kwamba mhalifu akiachwa peke yake katika chumba chake, asione uso wa mtu, atatubu. Mfungwa alipotolewa chumbani alifunikwa kichwa kwa kofia ya kitambaa. Charles Dickens alilizuru mwaka 1842 na akatoka amefadhaika, akishika kwamba upweke ule ni ukatili mkubwa kuliko kiboko. Gereza lilifungwa mwaka 1971. Tangu mwaka 1991 usiku wa Halloween umekuwa ukilichangia fedha za kulitunza. Lakini mwaka 2014 watunzaji wake walisimamisha uani mchoro mkubwa wa chuma, mrefu kuliko nyumba ya kawaida ya chini, unaoonyesha jinsi idadi ya wafungwa wa Marekani ilivyopanda. Mwaka 2021 wakalibadilisha tamasha lao, na jina lililotangaza vitisho nyuma ya kuta likaachwa. Si toba kamili. Ni hodi, walau, iliyopigwa kwa kuchelewa. Na pengine mgeni atakayeupita mchoro ule mchana ataogopa zaidi kuliko rafiki zake walioingia usiku.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwenye kusema “ni mchezo tu” angestahili kukisikia. Mwezi wa Desemba 1976, katika mji wa Long Beach, California, watengenezaji wa filamu ya televisheni waliingia katika nyumba ya vitisho ya uwanja wa burudani ili kuandaa picha. Humo alining’inia mtu wa sanamu, amepakwa rangi ing’aayo gizani. Mmoja wao alimsogeza, mkono ukavunjika, na ndani ya mkono pakaonekana mfupa.

Alikuwa Elmer McCurdy, mzaliwa wa Maine, mwizi asiye na bahati, aliyelivamia treni lisilo lenyewe huko Oklahoma na kupigwa risasi mwezi wa Oktoba 1911. Maiti yake ilitiwa dawa ya kuzuia kuoza, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuidai, mwenye duka la maziko akaisimamisha na kuwatoza watu sarafu moja kuitazama. Mwaka 1916 walikuja watu waliojiita ndugu zake. Hawakuwa ndugu, walikuwa wa maonyesho ya kuzunguka. Wakamchukua. Toka hapo alipita mkono kwa mkono, mwaka hadi mwaka, mpaka wale waliomnunua hawakujua tena kwamba wamenunua mtu. Wachunguzi walipoufungua mdomo wake wakakuta sarafu ya mwaka 1924 na vipande vya tiketi.

Kiswahili hakisemi tu kwamba maiti huzikwa. Husema husitiriwa, kama anavyositiriwa mtu aliyeanguka nguo mbele za watu. Kwa zaidi ya miaka 65 McCurdy hakuwa na wa kumsitiri, na ni watoto wangapi waliopita chini ya miguu yake katika kigari cha giza, wakimpigia mayowe ya furaha, wamekumbatiana na rafiki zao! Hawakuwa na kosa. Waliambiwa kila kilichomo ni uongo.

Tarehe 22 Aprili 1977 alizikwa katika mji wa Guthrie, Oklahoma, na watu wasiomjua wakahudhuria. Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, lilimiminiwa zege juu yake, ili asitokee mtu akamtoa tena.