Wapunjao kwa Kalamu

Mtu akisikia neno kupunja, moyo wake huenda moja kwa moja dukani: mizani iliyofichwa risasi chini ya sahani, au pishi ya mchele isiyofika ukingoni. Nayo Sura ya Al-Mutaffifin yawatisha kweli watu hao. Lakini kuna upunjaji mwingine, nao hufanywa kwa kalamu, na mpunjaji hurudi nyumbani akala chakula chake akijiona ni mtu mwadilifu. Mfano wake twaupata Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Tarehe 22 Juni 1944, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwafaa maaskari warudio vitani. Insafu yatupasa tuseme kuwa ilikuwa sheria njema. Asiye na kazi alipewa dola 20 kwa wiki, hata kufikia wiki 52. Aliyetaka kusoma alilipiwa ada hata dola 500 kwa mwaka, na posho ya kujikimu juu yake. Aliyetaka nyumba, serikali ilimdhamini kwenye benki. (Riba ya mikopo ile hukumu yake yajulikana, wala si maneno yetu ya leo.) Kufikia mwaka 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kufunzwa kazi kwa sheria hiyo.

Na ndani yake rangi ya mtu haikutajwa. Basi dhuluma iliingia wapi? Iliingia penye mkono wa mgawaji. Mbunge John Rankin wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyoishughulikia sheria hiyo, alishikilia kwamba utekelezaji wake uwe mikononi mwa majimbo na watu wa mahali. Na huko Kusini, watu wa mahali walikuwa ndio wale wale waliomkataza mtu mweusi kuketi nao katika basi moja. Serikali ilidhamini, lakini fedha zilikuwa za benki, na benki ikakataa. Vyuo vya wazungu vilimfungia mlango. Vya weusi vilikuwa vichache na vidogo, vikajaa, na wengi wakarudishwa. Katika miji 13 ya Mississippi, mwaka 1947, ilihesabiwa mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa kwa sheria hii. Weusi walioipata walikuwa wawili. Msomaji asidhani mpiga chapa amekosea: wawili.

Wala tusiwe wepesi wa kutikisa vichwa. Mwenye nyumba ya kukodisha mjini mwetu, akijiwa na mpangaji, huuliza kwanza kama kodi ataiweza, au huuliza ni mtoto wa nani na ametoka wapi? Na mwenye daftari la zaka, majina yaliyo juu ya orodha yake ni ya wahitaji au ni ya jamaa zake?

Turudi Marekani, maana Kaskazini nako hakukusalimika. Levittown ya New York ilianza kujengwa mwaka 1947, nyumba zaidi ya 17,000, na mikataba yake ya mwanzo iliandikwa waziwazi kuwa asikae humo asiye mzungu. Mwaka 1949 nyumba moja iliuzwa dola 7,990. Jamaa mmoja weusi walipohamia Levittown ya Pennsylvania mwaka 1957, umati ulikusanyika nje ukawatupia mawe.

Enyi mjuao hesabu za mirathi, litazameni jambo hili kwa jicho hilo. Nyumba ile ya dola 7,990 ilipanda thamani mwaka baada ya mwaka. Mzee akafa, watoto wakairithi, wakaiuza, wakasomeshea wajukuu. Askari mweusi aliyepigana vita vile vile aliacha nini? Stakabadhi za kodi ya pango. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King. Wakati huo waliopunjwa mwaka 1947 walikuwa wameshaota mvi, na nyumba walizonyimwa zilikuwa ghali kuliko wawezavyo kununua.