Kabla ya Kumwita Mtu Kichaa

Sisi tunaojaribu kuandika riwaya tunajua jambo moja kuhusu majina. Ukimwita mhusika wako mlevi katika ukurasa wa kwanza, msomaji hatamwamini tena hata akinywa maji. Kwa mhusika wa kubuni si neno. Je, kwa mtu wa kweli? Ni halali kumwambia kijana wa miaka 18 kwamba huenda anaelekea kurukwa na akili, ilhali bado anakwenda shule, anakula na wenzake na kuamkia wakubwa? Au tukae kimya, tungoje mpaka avue nguo sokoni ndipo tuwe na hakika?

Wapo watakaojibu upesi: kaeni kimya! Hoja yao ina uzito, tusiidharau. Jina la ugonjwa wa akili likishatamkwa halifutiki. Posa itakataliwa, kazi itakosekana, na siku kijana huyo akikasirika kama mtu yeyote anavyokasirika, watu watatazamana na kusema, "Ameanza tena."

Lakini hebu tuulize: kimya hicho kipo kweli? Nilisoma na kijana mmoja, hodari wa hesabu, ambaye alipofika kidato cha tatu alianza kujitenga na kusema kwamba redio inamtaja. Haikupita wiki moja, bweni zima likawa limeshampa jina la utani. Wengine walisema amelogwa, wengine bangi, wengine eti kasoma mno. Daktari alimwona baada ya miaka miwili, tena akapelekwa huko akiwa amefungwa kamba. Kimya cha wakubwa hakikumkinga na jina. Kilichofanya ni kuwaachia wasiojua kitu kazi ya kumpa jina.

Wala tusidhani kwamba kuchelewa ni ugonjwa wa maskini tu. Marekani, nchi yenye hospitali na vyuo vikuu tele, ulifanyika utafiti mkubwa katika kliniki 34 za majimbo 21, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2015. Wagonjwa walikuwa 404, waliokuwa wamepatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza, yaani ile hali ya kusikia sauti zisizokuwapo au kushika imani ambayo hakuna awezaye kuitikisa. Nusu yao walikuwa wameishi nayo zaidi ya wiki 74 kabla ya kutibiwa. Karibu mwaka mmoja na nusu, jamani! Tena ilionekana kwamba wale ambao hawakuchelewa sana ndio walionufaika zaidi na huduma ya timu.

Basi tuseme wote mapema? La hasha! Hapa ndipo panapouma. Wapo vijana wenye dalili hafifu: mmoja anahisi watu wanamsengenya, mwingine anasikia kama anaitwa kumbe hakuna mtu. Wataalamu wanawafuatilia, na wengi wao, zaidi ya nusu, hawafikii saikosisi hata baada ya miaka mitatu. Ndiyo maana mwaka 2013 madaktari wa Marekani walipotoa toleo la tano la kitabu chao cha kuainisha magonjwa ya akili, baada ya mabishano makali, hali hiyo hawakuiweka pamoja na magonjwa kamili. Waliiweka nyuma, katika sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi.

Kwa hiyo swali limegeuka. Sasa tunauliza nani atamke, na kwa namna gani. Nchini humo mwanasaikolojia wa tiba husoma miaka mitano, sita au zaidi hadi kupata shahada ya uzamivu. Ungedhani amemaliza. Kumbe anayetaka kuwahudumia vijana hawa aghalabu huongeza mwaka mmoja au miwili, akifanya kazi chini ya msimamizi anayemfuatilia wiki hadi wiki. Daktari mzima, bado mwanafunzi!

Anajifunza nini? Mojawapo ni kuuliza. Kuna mahojiano marefu yaliyoundwa chuo kikuu cha Yale miaka ya 1990, ambamo kila dalili hupewa alama kuanzia 0 hadi 6. Sita ni saikosisi. Tano bado si saikosisi. Na kitu kikubwa kinachotenganisha tano na sita ni shaka. Kijana anayesema "nahisi jirani ananisoma mawazo, lakini labda najidanganya" bado yuko upande wa huku. Kwa hiyo muulizaji hana budi kuuliza polepole, bila kucheka, bila kubisha wala kukubali, asije akaizima shaka hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Anajifunza pia kukaa na mama na baba, na kufanya kazi bega kwa bega na mtoa dawa, na mtu wa kumrudisha kijana shuleni au kazini, na katika timu nyingine hata mtu aliyewahi kuugua mwenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye jibu. Kumpa mtu jina la ugonjwa ni kukopa kwake. Umechukua amani yake, na deni hilo hulipwa kwa kubaki naye. Anayetamka kisha akaondoka amemtukana, hata kama alisema kweli. Anayetamka kisha akarudi Jumanne, na Jumanne inayofuata, huyo ana haki ya kutamka mapema.

Mtaniambia, "Wewe kijana, hao wataalamu sisi tutawatoa wapi?" Ni kweli, ni wachache mno. Lakini mwalimu wa zamu anaweza kumwuliza mwanafunzi kama analala usiku. Shangazi anaweza kumsindikiza hospitali kabla ya kamba, na kumngoja nje mpaka atoke. Hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu atakayekuwapo tena kesho, na huyo ndiye tunayemkosa hata pale ambapo madaktari wapo.