Amana ya Barua Kuukuu

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 vijana wa Sudan walipofika wakikimbia vita, na ambayo tangu hapo imewapokea Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na Warundi, barua haikupata kuwa jambo la anasa. Kabla simu hazijaenea, ndugu walitafutana kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, isiyoruhusiwa kubeba ila habari za jamaa, na iliyopita mikononi mwa watu kadha wa kadha kabla haijamfikia mwenyewe. Leo kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, imeangukia baruapepe: miadi ya mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, taarifa ya hawala kutoka kwa kaka aliyeko Minneapolis, ahadi ya mahari, habari ya msiba. Hata Lodwar, mji wa eneo hilo hilo, ambako serikali ya kikoloni ilimzuilia Jomo Kenyatta tangu mwaka 1959 hadi 1961 kwa sababu palikuwa mbali na masikio ya watu, maisha ya mtu yaweza sasa kukaa yote ndani ya sanduku lisiloonekana.

Basi mtu huyu akitaka kuacha programu aliyoizoea ashike nyingine, au akihofu kupoteza kila kitu, maana Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, humkabili mas'ala ambayo mafundi huyahesabu kuwa ya ufundi tu, nami nayahesabu kuwa ya dini: azihamishapo barua hizo kuukuu, je, ahamisha mali yake, au abeba amana ya watu? Mimi naona ni amana, kwa kuwa maneno yale ni ya aliyeyaandika, ambaye aghalabu yu mbali au amekufa, wala hawezi kusimama kuyatetea yakiharibiwa. Na mwenye kubeba maneno ya mtu asiyekuwapo ni mpokezi wa riwaya, apende asipende, na adabu za wapokezi zamlazimu.

Wanazuoni wa hadithi, ambao mashuhuri wao, Imamu Bukhari, alifariki mwaka 870, hawakuridhika na maneno peke yake, yangawa mazuri namna gani. Walidai isnadi, mlolongo wa wapokezi unaoanza kwa sheikh aliye karibu na kurudi nyuma, mtu baada ya mtu, hata kufika kwenye chanzo. Ajabu ni kwamba kila baruapepe inayo isnadi yake. Juu ya maneno tuyasomayo umefichwa utangulizi ambao wengi hawajapata kuufungua, na humo kila seva iliyoipokea barua na kuipitisha huweka mstari wake juu ya mistari iliyotangulia, pamoja na tarehe na saa, hivi kwamba asomaye kutoka juu kwenda chini huwa anarejea kutoka mlangoni pake mwenyewe hadi kwa mwandishi. Basi yule ambaye, kwa kutojua au kwa kukimbizana na dakika za saiba, huzituma upya barua zake moja moja kwa anwani mpya, huikata isnadi hiyo: barua ya marehemu mama yaonekana imetumwa na mwana, jana saa nane mchana, na maneno ya mama yamebaki bila shahidi. Riwaya ya mtu aliyeyakuta maneno yameandikwa tu, pasipo kuyasikia kwa mwenyewe wala kupewa idhini, wanazuoni waliiita wijada, na waliiweka daraja la chini. Njia iliyo salama haina maajabu: akaunti zote mbili hufunguliwa kwa itifaki ya IMAP ndani ya programu moja, mathalan Thunderbird, kisha barua huburutwa kutoka sanduku la kale hadi jipya, nazo huenda na utangulizi wake mzima. Yataka subira, na mtandao uliotulia.

Atatokea mcha Mungu aseme kwamba malaika waandishi hawasahau lolote, basi ya nini kung'ang'ania makaratasi ya dunia? Neno lake lina uzito, hasa kwa aliyekimbia kwao mikono mitupu akajifunza kuishi bila vitu, na kwa yule ambaye kuzisoma barua zake ni kujitonesha kidonda. Walakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya Al-Baqara, haizungumzi juu ya pepo wala moto, bali yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Na Mwenyezi Mungu hana haja na daftari letu. Kuandika huko ni kwa ajili yetu sisi, tulio wepesi wa kusahau na wepesi zaidi wa kukana. Kwa hiyo barua iliyobeba haki ya mtu, iwe deni, wasia, mahari, au miadi ambayo kesho ofisi itauliza ilitumwa lini, kuihifadhi kwa ukamilifu wake ni wajibu. Barua ya huzuni au ya mapenzi ni hiari ya aliyeandikiwa, na kuifuta si hiyana. Matangazo ya biashara hayana haki juu ya mtu yeyote.

Lililo zito zaidi lamhusu msaidizi, kwa kuwa si kila mwenye barua ajuaye kuzihamisha, na wengi hulazimika kumtajia nywila kijana wa saiba, ambaye kwa saa nzima siri za nyumba ya watu hupita mbele ya macho yake. Asisome zaidi ya anachohitaji ili kazi iende. Na kama ametumia itifaki ya POP, ambayo huziteremsha barua na kuziweka katika diski ya mashine iliyo mbele yake, ajue kuwa mwenyewe akishaondoka nakala nzima yabaki pale kwa mteja ajaye. Hiyo msaidizi aifute, mwenye barua akiwa angali ameketi, kisha amgeuzie kibodi achague nywila nyingine, naye atazame pembeni.