Je, Seli Hufa Shahidi?

Uboho wa mtu mzima hutoa neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku. Seli hizi nyeupe za damu huishi muda mfupi, na nyingi hufa bila kishindo. Baadhi, zikikabiliana na bakteria au kuvu, hufa kwa namna nyingine, inayohusiana na nyavu ambazo timu ya mtafiti Arturo Zychlinsky mjini Berlin ilizieleza mwaka 2004. Utando wa kiini huvunjika, nyuzi za DNA hukunjuka na kuchanganyika na vimeng'enya vikali, kisha seli hupasuka na kuzitupa nje kama kimia cha mvuvi. Vijidudu hunasa humo. Kifo hiki huchukua saa kadhaa, hatua kwa hatua. Si ajali.

Anayesikiliza habari hii barazani Mji wa Kale, Mombasa, neno litakalomjia upesi ni shahidi. Ni neno tukufu, lakini hapa si mahali pake. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waswahili wengi wa pwani, nia ni nguzo ya ibada: aliyeshinda na njaa mchana kutwa bila kunuia hakufunga. Neutrofili haina nia, wala haijui inamlinda nani. Kuiita shahidi ni kumpunja binadamu ambaye angeweza kukimbia, akabaki.

Basi swali la nia linahamia kwa Muumba, na hapo ndipo linapokuwa zito. Nyavu hizo hizo huua. Huchochea damu kuganda. Katika maiti za waliofariki kwa UVIKO-19 zilikutwa kwenye mishipa ya mapafu iliyoziba. Kwa baadhi ya wagonjwa wa lupasi, mwili hushindwa kuzisafisha, na kinga huigeukia DNA ya mwili wenyewe.

Mwanazuoni Al-Ghazali alishikilia kwamba ulimwengu haungeweza kuwa bora kuliko ulivyo. Wanazuoni walibishana juu ya kauli hiyo kwa karne nyingi, na anayeuguza mtu wake Hospitali Kuu ya Pwani ana haki ya kuuliza pia. Subira haimzuii.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliwataka Waislamu wasiikimbie elimu ya kisasa. Elimu hiyo imeonyesha kwamba damu ina vimeng'enya vyake vya kukata nyuzi hizi, ingawa mara nyingine havitoshi. Kimoja cha aina hiyo, dornase alfa, kimetengenezwa kuwa dawa na kujaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19.