Tuhamie Wapi? Jua, Kodi na Jirani

Siku hizi tukikutana, iwe arusini, msibani au kwenye simu ya Jumapili, tukishamaliza kuulizana habari za nyumbani haupiti muda swali hili huletwa: tuhamie wapi? Aliye Minneapolis anataja Houston. Aliye Houston anasema fukuto limemshinda, anaitazama Seattle. Wa Birmingham amesikia kwamba Dubai kuna jua na kazi, na wa Dubai anahesabu miaka mpaka awapeleke watoto shule Uingereza. Kila mmoja ana mizani yake: kodi ya nyumba, kazi, shule, umbali wa msikiti au kanisa, na juu ya yote hali ya hewa. Tumekuwa wasafiri wa mara ya pili na ya tatu. Safari ya kwanza wengi wetu hatukuichagulia mji. Tulifikia alipokuwapo binamu, au chuo kilipotupokea, au shirika la wakimbizi lilipotupeleka. Hii ya pili ndiyo ya hiari, na kwa kuwa ni ya hiari inabeba swali la wajibu ambalo ile ya kwanza haikulibeba.

Swali lenyewe ni hili: je, ni sawa mtu kuuchagua mji kama anavyochagua shati, akiangalia tu jinsi linavyomkaa? Au miji tunayoishi nayo ina haki ya kutudai kitu?

Tuanze kwa kumtendea haki anayelifuata jua, maana huyu hudhihakiwa sana. Akisema anahama kwa sababu ya baridi, wenzake humcheka: ulikuja kutafuta maisha au kuota jua? Dhihaka hiyo haina msingi. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana saa 24 karibu nusu kwa nusu mwaka mzima. London mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa 8, na kabla ya saa kumi jioni jua limekwisha zama. Anayeingia kazini alfajiri na kutoka jioni anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika katika jarida la kitabibu juu ya ugonjwa wa huzuni unaokuja na majira ya giza na kuondoka mwanga unaporudi. Wataalamu wa afya wa Uingereza nao huwashauri wakazi wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D mwaka mzima, kwa kuwa jua la kule huenda lisiwatoshe. Mwili basi una haki yake. Anayehama kwa sababu kila Januari anashindwa kuinuka kitandani hakufuata anasa, ametafuta dawa.

Hata hivyo hesabu ya hali ya hewa si nyepesi kama picha za mawakala wa nyumba zinavyoionyesha. Phoenix, mji unaovuta wengi kwa jua lake, mwaka 2023 ulipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Katika kaunti yake ya Maricopa watu zaidi ya 600 walikufa mwaka huo kwa sababu zinazohusiana na joto. Texas nayo, walikokwenda wengi kuikimbia theluji, ilifikwa na theluji huko huko Februari 2021. Umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Anayekimbia baridi hukutana na joto, na anayekimbia joto hukutana na mafuriko. Hakuna mji uliotia saini mkataba na mawingu.

Basi wengine huacha kubahatisha wakafuata orodha. Kila mwaka magazeti hutangaza miji bora ya kuishi duniani. Katika orodha ya kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist, Vienna iliongoza mwaka 2022, 2023 na 2024, kisha mwaka 2025 ikapitwa na Copenhagen. Orodha hiyo hupima mambo matano: utulivu na usalama, afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Mambo yote hayo ni mema. Lakini ni vizuri kujua kwamba orodha za namna hii hutumiwa na makampuni makubwa kukadiria posho ya usumbufu kwa mfanyakazi anayepelekwa mji mgumu. Huyo ni mtu anayekwenda kwa miaka miwili au mitatu, nyumba imelipiwa, tiketi ya kurudi ipo. Hana haja ya kujua nani atamshikia mtoto akiitwa zamu ya usiku, wala nani atamwosha akifa.

Sisi tuna haja hiyo. Waswahili wanasema jirani kabla ya nyumba. Tumezoea kuitaja kama adabu ya kale, lakini upo mji uliotoa ushahidi wake kwa hesabu ya vifo. Julai 1995 joto kali liliipiga Chicago kwa siku chache, na inakadiriwa kwamba watu 739 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao. Baadhi ya maiti hazikudaiwa na mtu, zikazikwa katika kaburi la pamoja. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alizilinganisha sehemu mbili za mji zinazopakana, North Lawndale na South Lawndale. Zote mbili zilikuwa na wazee maskini wengi wanaokaa peke yao, na zote zilichomwa na jua lile lile. Lakini kiwango cha vifo upande wa kaskazini kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha kusini.

Kwa nini? Kusini palikuwa na maduka, wachuuzi na watu barabarani mchana kutwa. Mzee aliweza kutoka, kuingia dukani palipo na ubaridi, kuonekana, na asipoonekana kuulizwa. Kaskazini viwanda vilikuwa vimefungwa, maduka yametoweka, viwanja vimebaki magugu, na tangu mwaka 1960 zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa wamehama. Wazee waliobaki waliogopa kufungua mlango. Haikuwa tabia mbaya ya watu wa kaskazini. Walioondoka walifuata kazi, na hakuna wa kuwalaumu mmoja mmoja. Lakini kuondoka kwao wote pamoja kulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na waliobaki. Kumbe joto si jambo la mbinguni peke yake. Linapita kwanza mlangoni pa jirani.

Tukilijua hilo hatutashangaa kuona watu wakichagua miji kinyume cha jua, na hata kinyume cha kukaribishwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na karibu 28,000 wakafika Uingereza. Mwezi uliofuata, halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia kwamba nyumba na shule zimejaa na kuwasihi wasije. Maelfu walikwenda. Hawakufuata hali ya hewa, maana mvua ya Leicester haina sifa. Walifuata watu: tayari walikuwapo jamaa zao waliotangulia kutoka Kenya. Leo Belgrave Road ya Leicester inajulikana nchi nzima kwa maduka yao na kwa taa za Diwali.

Karibu miaka 30 baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa katika jimbo la Maine, Marekani. Kuanzia Februari 2001 familia za Kisomali zilianza kufika, nyingi zikitoka Clarkston karibu na Atlanta, yaani kutoka kwenye joto kwenda kwenye theluji. Zilitafuta usalama, shule na nyumba za bei nafuu. Baadaye wakaja Wabantu wa Somalia, ambao babu zao walichukuliwa na biashara ya watumwa kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na ambao baadhi yao hadi leo wanazungumza Kizigua. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kilipofanya mkutano dhidi yao, maelfu ya watu walikusanyika upande wa pili kuwaunga mkono. Ukiuliza orodha ya miji bora, Lewiston haimo. Ukiwauliza waliojenga maisha huko, watakuonyesha nani anaishi mlango wa pili.

Hapa ndipo swali linapogeuka. Tunapouweka mji kwenye mizani huwa tunauliza: utanipa nini? Tukipata busara kidogo tunaongeza: je, kuna watu wetu huko? Lakini hata hilo la pili bado ni swali la mnunuzi. Watu wetu si jua wala mvua, hawakuota wenyewe. Kila jumuiya tunayoitamani ilijengwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuhama naye akabaki: anayeshika daftari la michango, mama anayejua kumwandaa maiti, mzee anayemsindikiza mgeni ofisini kumtafsiria, kijana anayewafundisha watoto Kiswahili Jumamosi. Tunakwenda kuitafuta jumuiya mbele, na tunasahau kwamba kule tunakotoka jumuiya ni sisi.

Tuchukue mfano wa mji wenye familia kumi za Waswahili, na tatu zihame. Gharama ya kumsafirisha maiti hadi nyumbani haipungui. Iliyogawanywa kwa kumi sasa inagawanywa kwa saba. Darasa la Jumamosi lenye watoto wanane likibaki na watatu, si darasa tena. Bibi aliyeletwa kulea wajukuu, asiyejua lugha ya mji, alikuwa na wenzake wawili wa kuzungumza nao mchana. Sasa hana hata mmoja. Hakuna aliyemkosea. Lakini hawezi kuambiwa kwamba kuhama kwa jirani zake ni shauri la jirani peke yao.

Mtu atatujibu: maneno haya hayawezi kutoka vinywani mwenu. Nyinyi ndio mliowaacha wazazi Tanga, Mombasa, Unguja na Bukavu, leo mnamhubiria nani kubaki? Hoja hiyo ni nzito na hatuikwepi. Lakini tukumbuke jinsi wengi wetu tulivyoondoka. Tuliaga, tukaombewa dua, tukaachiana maagizo, na mpaka leo mwisho wa mwezi tunatuma fedha. Tumethibitisha kwa matendo kwamba kuhama na kuwajibika vinaweza kukaa pamoja. Ajabu ni kwamba wajibu tunaoutambua kwa kijiji tulichozaliwa tunausahau kwa mji wa ugenini, kwa kuwa tunajiambia kwamba huku tunapita tu. Aliyeishi Columbus au Reading miaka 20, akazika huko na kuozesha huko, hapiti tena.

Wapo pia ambao jumuiya yenyewe ndiyo inayowafukuza: umbea, mafarakano ya kabila na madhehebu, au ndoa yenye kipigo ambayo wakubwa wanataka inyamaziwe. Dada anayehamia mji asikojulikana ili auepuke mkono unaompiga hana deni kwa mtu. Jumuiya iliyoshindwa kumlinda haina la kumdai. Kadhalika mgonjwa aliyeambiwa na daktari kwamba baridi inamuumiza, na baba ambaye kodi imemla mshahara wote. Hawa wahame, na tuwabebee makochi.

Kwa hiyo hatusemi mtu asihame. Tunasema kwamba anayehama ana deni la kukabidhi. Kama ulikuwa mweka hazina, daftari lifungwe hesabu na lipate mwenye kulishika kabla gari la mizigo halijaja. Kama wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka mzee hospitali kila mwezi, mtafutie dereva mwingine na umtambulishe kwake mwenyewe. Kama ulikuwa mmoja wa kumi katika mfuko wa mazishi, endelea kuchangia mwaka mmoja zaidi hata ukiwa mbali, mpaka wenzako wajipange. Hayo hayamzuii mtu kulifuata jua. Yanamzuia tu asiwaachie wenzake giza.

Na kwa wale ambao miji miwili imelingana kwenye mizani yao, kodi hii ni sawa na ile, joto hili linavumilika na baridi ile pia, tunalo pendekezo. Msiulize tena ni wapi mtapata watu wengi zaidi. Ulizeni ni wapi mnahitajiwa. Mji wenye Waswahili elfu tano utawapokea vizuri, lakini huenda usiwaone mkija wala mkiondoka. Mji wenye familia sita utawapa kazi siku ya pili: kuna mtoto wa kufundishwa, mgonjwa wa kutembelewa, mgeni wa kupokewa kituo cha basi. Huko ndiko mtu anakoweza kupata jirani haraka, kwa kuwa ameanza kwa kuwa yeye mwenyewe jirani.

Wasomaji wenzetu mlio kwenye mizani mwaka huu, pimeni joto, pimeni kodi, pimeni shule, wala msione haya kulitaka jua. Kisha, kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba mpya, kaeni chini mwandike majina mawili. La kwanza ni la mtu wa kule mwendako ambaye mnaweza kumpigia simu saa nane usiku. La pili ni la mtu wa hapa mlipo ambaye hukupigieni nyinyi saa hizo, na nani atampokea simu mkishaondoka.