Ukingo wa Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na Luka 18:1–8



Katika Kumbukumbu la Torati, katikati ya amri zihusuzo viota vya ndege na mbegu za shambani, iko amri moja fupi ambayo wengi wetu huipita tukisoma. Mtu ajengaye nyumba mpya aagizwa kuizungushia dari yake ukingo, maana mtu akianguka kutoka huko juu, hatia ya damu itakuwa juu ya nyumba hiyo.

Sisi wa Rungwe, ambao paa zetu ni za bati na zimeinama ili mvua ishuke upesi, twaweza kudhani kwamba amri hii si yetu. Nani atakaa juu ya paa Tukuyu mwezi wa Aprili? Lakini katika nchi ya Biblia dari zilikuwa bapa, na watu walikaa huko. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kwake chini ya mabua ya kitani, na Petro alipanda darini kusali kule Yafa. Dari palikuwa mahali pa watu, na mahali pa watu pasipo ukingo ni mtego.

Angalieni jinsi amri yenyewe ilivyowekwa. Haikungoja mtu aanguke kwanza. Haikuwatuma wazazi wa mtoto aliyeanguka waende huku na huku wakitafuta ushahidi kwamba dari ilikuwa ya hatari. Wajibu umewekwa juu ya ajengaye, na wakati wake ni siku ya kujenga. Basi tulishike neno hilo, kwa maana latufaa katika swali tuliloulizwa na baadhi ya vijana wetu.

Vijana hao husoma habari za dunia katika simu zao. Wameona kwamba huko Marekani na Uingereza watu wa miji na vijiji vingi wamekuwa wakipinga majumba na viwanja vya betri kubwa za lithiamu kujengwa karibu na nyumba zao. Wakatuuliza: Je, watu hawa si wapinga maendeleo? Na Mkristo aweza kusimama pamoja nao?

Kwanza tuseme betri hizo ni kitu gani. Kila mwalimu wa rika letu akumbuka betri za tochi zikipondwa pamoja na majani ili kusiliba ubao wa darasani. Hizi za leo ni mambo mengine. Umeme wa jua hupatikana mchana, nao watu huuhitaji zaidi jioni wanapopika na watoto wanaposoma. Kwa hiyo mchana umeme huwekwa akiba katika betri, na usiku hutolewa. Si jambo la mbali nasi. Ng'ambo ya Songwe, nchini Malawi, kituo cha umeme wa jua cha megawati 20 kilianza kazi mwaka 2022 huko Golomoti, wilaya ya Dedza, kikiwa na betri zake za lithiamu. Asemaye kwamba vitu hivi ni vya shetani hajui anenalo. Mtoto asomaye kwa taa badala ya kibatari ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini hatari yake nayo ni ya kweli. Ndani ya betri kubwa mna maelfu ya seli zilizopangwa bega kwa bega. Seli moja ikiharibika na kushika moto, huipasha jirani yake, nayo huipasha ya tatu, na moto wa namna hii hauzimwi kwa urahisi. Waweza kuonekana umekufa, kisha ukazuka tena baada ya siku kadhaa. Moshi wake una sumu. Mwezi wa Aprili 2021 wazima moto wawili walikufa mjini Beijing katika ajali ya kituo cha namna hiyo. Tarehe 16 Januari 2025 jumba kubwa la betri liliungua huko Moss Landing, jimbo la California, na watu zaidi ya elfu moja wakaambiwa wahame nyumba zao. Baadaye watafiti walikuta vumbi la nikeli, manganizi na kobalti katika udongo wa kinamasi cha jirani. Ni haki kuongeza kwamba wataalamu waonyesha ajali zimepungua sana, zikilinganishwa na wingi wa betri zilizojengwa, tangu mwaka 2018, na kwamba ziko aina za lithiamu zisizo wepesi wa kuwaka kama zile za Moss Landing. Hivyo ndivyo ukingo unavyojengwa: kwa kuchagua aina, kwa kuacha nafasi kati ya kontena na kontena, na kwa kuacha nafasi kubwa zaidi kati ya kontena na kitanda cha mtu.

Lakini ili tuone wazi jirani hupatwa na nini mahali ambapo ukingo haukujengwa, hatuna haja ya kuvuka bahari. Twende Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, katika sehemu iitwayo Mikindani (si Mikindani yetu ya Mtwara). Hapo palikuwa na betri za namna ya zamani, za magari, zenye madini ya risasi ndani yake. Sumu yake si sawa na ya lithiamu, wala hatutaki kuchanganya mambo. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu wapatao elfu tatu. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikaleta vumbi chini, na watoto wakacheza humo. Mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake akiugua bila kujulikana sababu, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyu hakuwa mwanasheria wala daktari. Alianza kwa kuuliza. Baadaye akina mama wengine wakapima watoto wao, nao wakakuta vivyo hivyo. Waliandika barua, waliandamana. Mwaka 2012 yeye alikamatwa na kushtakiwa, kisha akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Hapo ndipo twamkumbuka yule mjane wa Luka 18. Twapenda kuhubiri mfano huo kana kwamba ni habari ya kusali tu bila kuchoka, na kweli Bwana aliutoa kwa ajili hiyo. Lakini mjane mwenyewe hakuwa hekaluni. Alikuwa mlangoni pa kadhi, akidai haki juu ya mshtaki wake, na Bwana hakumkemea kwa kumsumbua mkubwa. Wakazi wa Owino Uhuru walifungua kesi mwaka 2016. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikaamuru pia udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Hesabuni wenyewe: tangu kiwanda kianze mpaka hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa karibu kuwa mtu mzima, na risasi iliyoingia katika mwili wa mtoto mdogo huharibu akili yake kwa namna ambayo fedha haiwezi kuirudisha. Ukingo ungegharimu kiasi gani mwaka 2007?

Basi jibu letu kwa vijana ni hili: anayeuliza habari za ukingo hapingi nyumba. Hata hivyo liko jambo la pili, nalo ni chungu zaidi, wala hatuwezi kuliruka kwa sababu tu tumeanza vizuri. Wako watu wanaopinga jumba la betri lisijengwe kwao, na wanaposikilizwa hurudi nyumbani wakawasha taa zao kwa furaha, bila kuuliza jumba hilo limepelekwa kwa nani. Mara nyingi hupelekwa kwa wasio na wa kuwasemea. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, mtaa usiopangwa. Ndiyo sababu kiwanda kile kilionekana chafaa hapo. Hakuna aliyedhani kukiweka kati ya nyumba za wakubwa. Kumwomba Mungu atuepushe na hatari kwa kuisukuma kwa jirani aliye mnyonge kuliko sisi si sala. Ukingo tuudaio kwa ajili ya watoto wetu hatuna budi kuudai kwa kipimo kile kile kwa watoto wa wengine, au tunyamaze.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo la ujirani kuliko sisi. Walikaa vijijini kwa marika, nao walikuwa na neno *ukwangala*, yaani kufurahia kukaa pamoja na kula pamoja na jirani mwema. Pia waliamini kwamba mtu akiwaudhi majirani, manung'uniko yao ya usiku, yale waliyoyaita pumzi ya watu, yatamletea baridi na ugonjwa mwilini. Sisi Wakristo hatuhubiri hayo. Lakini walitambua kwamba manung'uniko ya majirani ni kitu kizito, si kelele za bure. Tofauti yetu na wao iwe hii, kwamba tusinung'unike usiku kilabuni au kisimani. Tuseme mchana, mahali panapostahili. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaupa sauti katika ugawaji wa ardhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ipimwe athari zake, na wananchi wasikilizwe, kabla haijajengwa. Tatizo ni kwamba mikutano hiyo wengi hatuendi. Twangoja tusikie yaliyoamuliwa, ndipo tuanze kulaumu.

Siku mtu atakapoleta mradi wa namna hii mbele yenu, uwe wa lithiamu au wa kitu kingine, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na chai. Kisha muulizeni ni aina gani ya betri, na itakuwa hatua ngapi kutoka nyumba ya mwisho na kutoka shuleni. Moto ukizuka, gari la zimamoto litatoka wapi na litafika baada ya muda gani katika barabara zetu za matope? Maji yatakayozima moto yatateremka kwenye mto gani? Betri zikizeeka zitaondolewa na nani? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo haina ukingo.

Wakati huo huo tutazame nyumbani. Betri za sola na za pikipiki zilizokufa zimejaa uvunguni na nyuma ya majiko. Zile za asidi zisivunjwe na watoto, wala asidi isimwagwe migombani. Zile za lithiamu zisitobolewe wala kutupwa motoni. Na mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo akitafuta betri mbovu, msiangalie bei tu. Kiwanda cha Owino Uhuru kiliyeyusha betri zilizotoka kwa watu kama sisi. Muulizeni anazipeleka wapi, na nani anaishi karibu na hapo.