Ndoto na Mpingo

Sanaa inapochota katika ile sehemu ya nafsi isiyotawaliwa na akili, je, msanii anawajibika kwa akitoacho humo?

Mwaka 1924, mjini Paris, mshairi André Breton alitangaza mkondo wa sanaa uitwao usurealisti. Breton alikuwa amesomea utabibu, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwahudumia askari waliopatwa na maradhi ya akili. Akivutiwa na mafundisho ya Sigmund Freud juu ya ndoto, alitaka mshairi aandike bila kuzuiwa na akili wala maadili: lijalo na lije.

Wazee wa pwani yetu, toka Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, wana adabu iliyo kinyume chake. Ndoto njema humsimulia akupendaye. Ndoto mbaya humsimulii mtu. Hawaikani nguvu ya ndoto, waichelea.

Kati ya njia hizo mbili yupo mchongaji wa Kimakonde. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950: viumbe wenye viungo vilivyopindana na sura zilizopotoka, wa kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Baadaye George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao katika mti akawachora kwa rangi kali. Bagamoyo nako wachongaji wanaendelea na kazi hiyo.

Mtu aweza kuwaita wasanii hawa ndugu zake Breton. Lakini mpingo hauchongwi usingizini. Ni mti mgumu; tezo, patasi na tupa hudai siku nyingi, na katika siku hizo mchongaji hupima, hukata, huacha. Jinamizi lililoingia bila hodi hutoka kwa idhini.

Basi msanii haulizwi kwa nini aliota. Huulizwa kwa nini ameonyesha. Hapo ndipo penye hatari. Mtalii akiagiza mashetani kumi wanaofanana, na mchongaji akaapa kuwa ni ndoto yake, hakuuza ndoto, ameuza uwongo. Njaa yake twaijua, na kazi ya mkono si aibu. Na aseme tu kuwa ni kazi ya mkono. Tukizoea kuota kwa kipimo cha mnunuzi, hofu zetu wenyewe zitakosa wa kuzichonga. Na watu wasiojua wanachokiogopa hawajijui.